Haragwe Ambalo Baba Alininyima

Kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe unaweza kuwahesabu kimoyomoyo wakirudi zizini, ingawa hata hiyo baba hakuipenda, lakini ukisimama mbele ya watu ukaanza kunyoosha kidole, moja, mbili, tatu, atatokea mtu mzima akushike mkono na kukuuliza unawatakia nini watoto wa wenzako. Mimi nilikua nikikatazwa kuhesabu hata tuliokaa mezani. Ukiulizwa mko wangapi kwenu, unajibu mko wa kutosha. Sasa fikiria kufanya uchaguzi wa foleni mahali kama hapo.

Foleni ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Novemba moja, miaka si mingi iliyopita, kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, Tetu, juu kidogo ya Wamagana. Hapo ndipo nilipoaibishwa mbele ya watu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na aliyeniaibisha ni baba yangu mzazi. Mimi si mtu wa kuaibika ovyo. Nina cherehani mbili mjini Nyeri, nashona sare za shule, na ulimi wangu unajulikana steji nzima ya matatu. Mwanamume aliyeniacha, au niliyemwacha, inategemea unamuuliza nani, bado huvuka barabara akiniona.

Wadi yetu imekatwa katikati na mto. Upande wa ng'ambo na upande wetu tunakaribiana kwa wingi wa watu, ila wenzetu wana tabia moja ambayo sisi hatuna: wanasikizana. Uchaguzi ukifika, wao hutoa mtu mmoja wa kiti cha diwani. Sisi hutoa watano, kila mmoja na chama chake, kofia zake na gari lake la kelele, tunagawana kura kama nyama ya Krismasi, na diwani hutoka ng'ambo. Barabara yao imewekwa changarawe hadi kwenye mlango wa kanisa. Yetu mvua ikinyesha hata trekta hukataa. Zahanati yetu ina paa, ina mlango, ina bango la kusema ilifunguliwa na nani, lakini haina muuguzi.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, wazee na akina mama wa vikundi na watu wa bodaboda wakakaa pamoja wakakubaliana kwamba mara hii tutachujana wenyewe kwa wenyewe, mapema, bila chama chochote. Atakayeshinda mchujo aende akagombee kama mgombea huru, na wengine wote wamfuate nyuma bila kununa.

Waliojitokeza walikuwa watatu, ingawa wa tatu, mwenye kinu cha kusaga mahindi, alipata foleni ya jamaa zake tu na sitamtaja tena. Waliokuwa na nguvu ni wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, aliyetufundisha karibu sisi sote kwenye shule hiyo hiyo. Mimi alinichapa kwa sababu ya jedwali la saba, na hadi leo nikifika saba mara nane naanza kutafuta mahali pa kuficha mikono. Wa pili alikuwa kaka yangu.

Kaka ana duka la dawa za mifugo hapo Wamagana. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na kama si jambo moja nadhani hangewahi kutaka kiti. Jambo lenyewe ni kwamba mkewe alishikwa na uchungu wa kujifungua wakati wa mvua za Aprili. Zahanati ilikuwa imefungwa. Gari walilokodi likakwama kwenye matope pale chini ya kiwanda cha kahawa, wanaume wakalisukuma mpaka wakachoka, na mtoto hakufika Nyeri akiwa hai. Alikuwa msichana. Baba ndiye aliyemchimbia kaburi nyuma ya migomba. Tangu hapo kaka alianza kwenda kwenye mikutano yote ya wadi, akikaa nyuma na daftari. Alikitaka kiti kile kwa ajili ya barabara na muuguzi, na mimi nilikitaka kwa ajili yake kwa hasira ambayo yeye hakuwa nayo.

Masharti ya mchujo yalikuwa matatu. Hakuna kofia wala fulana ya chama. Hakuna mgombea kuhutubia siku hiyo. Na la mwisho, aliyejiandikisha kupiga kura kwenye kituo cha shule yetu ndiye peke yake atakayepanga foleni. Hili la mwisho lilikuwa na maana yake. Kura ya mtu aliyejiandikisha Nairobi au Nakuru haingemsaidia mgombea wetu Agosti, hata angepiga kelele namna gani Novemba.

Kisha wakamchagua baba kuwa mhesabuji.

Baba alikuwa amekaribia miaka themanini, na sababu ya kumchagua ilikuwa ya zamani. Zamani alikuwa karani kwenye ofisi ya chifu, akisifiwa kwa mwandiko wake. Enzi hizo serikali ilipigisha kura kwa foleni, watu wakijipanga nyuma ya picha ya mgombea, na siku moja kwenye uwanja ule ule foleni iliyofika hadi barabarani ilitangazwa kuwa imeshindwa, na ile fupi, ambayo ungeweza kuiona mwisho wake bila kuinua kichwa, ikatangazwa mshindi. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema. Miezi michache baadaye baba aliacha kazi ya ukarani, akarudi kwenye kahawa na ng'ombe wake, na tangu siku hiyo hakupiga kura tena wala kujiandikisha. Watu walielewa kwamba ameacha kazi kwa uchungu wa kura zao zilizoibwa. Walimheshimu kwa hilo. Nasi watoto wake tulitembea na heshima hiyo kama koti la urithi.

Kuna aliyeuliza kama ni sawa baba amhesabie mwanawe. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyejibu. "Mimi na huyu mzee sina shida," akasema. "Kama ako na kalamu, mimi nitalala usingizi."

Nilidhani baba angekataa. Alikubali, tena haraka. Akapanda gari hadi mjini, kwenye ofisi ya uchaguzi, akaomba kunakili orodha ya kituo chetu, na kwa siku tatu alikaa kwenye benchi la ofisi hiyo akiandika majina kwenye daftari la shule la kurasa tisini na sita. Mchana nilimpelekea chai na mandazi kutoka dukani kwangu. Nilimwona akiandika jina la kila mtu polepole, herufi kwa herufi, kama anayeandika barua kwa mtu mkubwa.

Kuhesabu nako alikutafutia njia yake. Kwa kuwa watu hawahesabiwi, yeye angehesabu maharagwe. Kila mgombea angesimama na kiondo mbele yake, wafuasi wangejipanga nyuma, na baba angepita na bakuli akimpa kila mtu aliye kwenye orodha haragwe moja. Mtu angetembea mbele, alitumbukize kiondoni, akae chini kwenye nyasi. Mwishoni maharagwe yangemwagwa juu ya meza watu wote wakitazama. Wazee waliposikia hivyo walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna mtoto wa mtu atakayenyooshewa kidole.

Maharagwe yenyewe yalitoka ghalani kwetu, na aliyeyachambua ni mimi. Ijumaa nilifunga duka mapema nikapanda kwenda nyumbani, nikakaa jikoni na ungo magotini, nikatoa mawe, nikatoa yaliyotobolewa na wadudu, nikabakiza mazima tu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akiipitia orodha yake chini ya miwani.

"Wewe," akasema, "ile kura yako ulirudisha huku?"

Hapo lazima niseme ukweli. Miaka kadhaa kabla, nilipofungua duka, nilihamisha kura yangu hadi mjini kwa sababu moja tu: foleni ya kule ilikuwa karibu na cherehani. Sikufikiria zaidi ya hapo. Na nikawashauri wasichana wanne wa kijijini kwetu wanaofanya kazi mjini wafanye vivyo hivyo. Mmoja ananisaidia kushona, wawili wako hotelini, mmoja anauza simu.

"Baba, hiyo ni kitu kidogo," nikamjibu. "Nitarudisha tu. Si wanaandikisha Januari?"

"Lakini kesho ni kesho."

"Kesho nani ataniuliza? Kwani kuna mtu hapa hanijui?"

Alirudi kwenye orodha yake, na mimi nikaendelea kuchambua. Nilichukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu zaidi ya miaka arobaini na bado nilifanya kosa hilo, kwa sababu lilikuwa linanifaa.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado umekalia uwanja tulipofika, mimi na wasichana wangu wanne. Tulikuwa tumevaa vizuri, leso mpya, viatu vya Jumapili. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pale tangu mazishi ya mchungaji. Kaka alisimama karibu na goli la upande wa msala, kiondo cha mama yetu marehemu miguuni pake. Mwalimu alisimama upande wa mlingoti wa bendera. Tukaambiwa twende, na watu wakaanza kusogea.

Hakuna kitu kigumu kama foleni. Kwenye karatasi unaweza kumpa shemeji yako mkono asubuhi na kumnyima kura mchana, mkaendelea kuombana chumvi. Kwenye foleni mgongo wako unasema kila kitu. Nilimwona shangazi yangu, dada ya baba, akisimama katikati ya uwanja kwa muda mrefu, akitazama huku na kule, halafu akaenda kwa mwalimu. Nilimkodolea macho. Yeye alitazama viatu vyake.

Foleni mbili zilikua bega kwa bega, na kwa macho hukuweza kusema ipi ni ndefu. Kaka alikuwa amekunja mikono kifuani, midomo imekauka. Baba akaanza na foleni ya mwalimu. Alitembea na bakuli, mzee mmoja nyuma yake ameshika daftari. Baba alimtazama kila mtu usoni, akatafuta jina, akatia alama, akatoa haragwe. Watu wawili au watatu aliwapita kule. Mmoja alikuwa mkwe wa mwalimu, aliyejiandikisha Karatina. Watu wakacheka kidogo, naye akacheka, akatoka akakaa kando.

Ndipo akaja kwetu. Nilikuwa karibu katikati, wasichana wangu nyuma yangu. Nilianza kukunjua kiganja akiwa bado watu watatu mbele, kama mtoto anayengoja sakramenti ya kwanza. Alimpa aliye mbele yangu. Alinifikia. Alinitazama machoni, na nakumbuka macho yake yalikuwa na maji, lakini asubuhi ilikuwa ya baridi na macho yake yalitoa maji kila baridi ilipoingia, kwa hiyo siwezi kuapa. Kisha akanipita. Akawapita na wanne walio nyuma yangu. Akampa wa sita haragwe.

Kiganja changu kilibaki wazi. Nasikia hata sasa mwanamke mmoja kwenye foleni ya pili akisema, "Ũũi!" kwa sauti ya chini.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, angetoka kando kama yule mkwe wa mwalimu. Mimi nilisema kwa sauti ambayo ilifika kwenye ofisi ya mwalimu mkuu: "Baba! Kwani mimi si wa hapa?"

Mwanamke aliyerudi kwao kutoka kwenye ndoa huuliza swali hilo moyoni kila siku. Huliuliza akipita kwenye shamba ambalo kaka zake watarithi. Huliuliza kwenye harusi, anapoambiwa akae na wageni au na wenyeji. Mimi nilikuwa nimelibeba miaka kumi na miwili bila kulitoa mdomoni, na sasa nilikuwa nimelitoa mbele ya kijiji kizima.

Baba aligeuka. "Wewe ni mtoto wangu," akasema. "Kura yako iko Nyeri."

Akaendelea na bakuli lake.

Tulitoka kwenye foleni, sisi watano, tukakaa kwenye ngazi za darasa la nne. Mmoja wa wasichana alikuwa analia. Mimi sikulia, nilikuwa nimewaka. Kutoka pale tulitazama watu wakitembea mbele mmoja mmoja, wakiinama, haragwe likilia kidogo kiondoni, mtu akikaa kwenye nyasi zenye umande. Viondo vikamwagwa mezani. Baba aliyapanga maharagwe kumi kumi, na la kumi hakulitaja kwa jina lake, maana kwetu kumi ni mwiko kuitaja, bali aliliita tisa kamili, kama wazee wetu walivyofanya. Kutoka kwenye ngazi nilisikia kalamu yake.

Mwalimu alimzidi kaka kwa maharagwe manne.

Manne. Sisi tulikuwa watano. Sikuhitaji kuchapwa tena ili nijue hesabu hiyo, na kila mtu uwanjani aliijua wakati mmoja nami, kwa sababu vichwa viligeuka kuelekea ngazi za darasa la nne. Kaka pia alinitazama. Halafu akamtazama baba. Alimpa mwalimu mkono, akasema maneno mawili ya kumpongeza, akachukua kiondo cha mama, akawasha pikipiki yake na kuondoka. Hakukanyaga boma la baba mpaka Krismasi ilipopita.

Kesho yake, badala ya kanisa, nilimkuta baba akikata nyasi za ng'ombe nyuma ya zizi. Nilikuwa nimekuja kugombana, na maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Nikamwambia alikuwa na nafasi ya kumsaidia mwanawe akamnyima. Nikamwambia mtoto aliyelala nyuma ya migomba ni mjukuu wake, yeye ndiye aliyechimba lile kaburi, na maharagwe matano yangemgharimu nini. Nikamwambia alitaka tu watu waendelee kumsifu.

Hapo aliacha panga.

"Ile ya zamani," akasema. "Ile foleni fupi. Unajua nani aliandika?"

Nikasema ni wakubwa walioandika, kila mtu anajua.

"Mkubwa alisema tu. Aliniambia, andika hii. Mimi nikaandika. Ni mwandiko yangu ilienda." Alinyoosha mkono wake wa kulia akautazama. "Nilikuwa na nyinyi wadogo, niko na kazi ya serikali, nikaogopa. Niliona watu mpaka barabarani, nikaandika wachache. Sasa watu wananiita mtu wa haki miaka hiyo yote, na mimi nanyamaza. Hata mama yenu alikufa hajui."

Ule mdomo wote wa steji nzima ulikuwa umekwisha.

"Nilitaka kabla nife niandike namba moja yenye ni ya kweli," akasema. "Moja tu. Hata kama ni ya kuumiza mtoto yangu."

Aliokota panga akaendelea kukata. Nilimsaidia kufunga mzigo wa nyasi, tukaubeba pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Niliona jinsi shingo yake ilivyokonda. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sijui kama hasira hiyo iliisha yote hata leo.

Habari hiyo nilimpelekea kaka mwenyewe dukani kwake. Alinisikiliza akipanga chupa za dawa ya kupe. Januari, mwalimu alipokuja kumwomba awe wakala wake siku ya uchaguzi, alikubali, na jioni hiyo alipita kwa baba akamwachia dawa ya ng'ombe aliyekuwa akikohoa. Waliongea habari ya ng'ombe tu. Kwa watu wa kwetu hayo ni mazungumzo marefu.

Mwezi huo huo nilirudisha kura yangu nyumbani. Hema la kuandikisha lilikuwa limepigwa sokoni Wamagana, na nilipomwambia baba ninaenda, alivaa koti lake na kusema anakuja. Nilidhani anataka sukari. Tulipofika mbele alitoa kitambulisho chake akakiweka mezani pembeni ya changu.

Mashine ilikataa vidole vyake. Karani, mama mmoja mvumilivu, alijaribu kidole gumba cha kulia, halafu cha shahada, halafu vyote vilivyobaki vya mkono huo. Vilikuwa vimesuguliwa na jembe na kahawa hadi vikawa laini kama kijiko. Alivipangusa kwa kitambaa, akavipaka mafuta kidogo, akajaribu mkono wa kushoto. Watu nyuma walianza kuguna. Baba alisema, "Huu wa kulia wacha tu, huu si mzuri," na mimi peke yangu ndiye niliyejua anasema nini. Mwishowe kidole gumba cha kushoto kilikubaliwa. Alitabasamu hadi nje ya hema.

Maharagwe ya mchujo hayakupikwa. Hakuna aliyesema yasipikwe, lakini hakuna aliyeyatia chunguni pia. Machi, mvua zilipokaribia, baba aliyapanda yote kando ya ua, ya mwalimu na ya kaka yakiwa yamechanganyika, na alipokuwa akiyafukia hakuyahesabu. Yalizaa vizuri. Tuliyavuna Juni, siku chache kabla baridi haijamshika kifua. Alilala hospitali ya Nyeri siku tisa. Kaka alikaa naye mchana, mimi nikifunga duka nakwenda kumpokea. Barabara ilikuwa kavu siku aliyopelekwa, gari lilipita bila shida, na bado haikusaidia. Waombolezaji walilishwa maharagwe hayo na mahindi. Nilimwona kaka akila sahani yake polepole mpaka akaimaliza, kisha akabaki ameishika.

Agosti nilipanga foleni kwenye uwanja ule ule, safari hii ya kuingia darasani. Ni darasa la nne, lenye zile ngazi. Mashine ilinitambua mara moja. Karani wa pili alifungua kitabu cha majina akaweka rula ili akate jina langu. Mimi natumia jina la baba, sikuwahi kuchukua la mume, kwa hiyo kwenye ukurasa ule tulikuwa tumefuatana, yeye juu, mimi chini yake.

"Huyu wa juu ni wa kwenu?" karani aliuliza. "Hajafika bado. Ni mzee? Mwambie akija asipange laini, aingie moja kwa moja."

Kwenye benchi la mawakala, karibu na dirisha, kaka aliinua kichwa. Alikuwa na beji ya mwalimu kifuani.

Sote tunajua kinachoweza kulipata jina la marehemu jioni, mashine zikizima na watu wamechoka: mwenyewe yuko kaburini, na jina limepiga kura. Na sote wawili tulijua kwamba mtu wa ng'ambo alikuwa anakuja kwa nguvu, na kwamba kura ya upande wetu, hata moja, ilikuwa kura. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Mimi, ambaye nilikuwa nimepaza sauti hadi ofisi ya mwalimu mkuu nilipokuwa na kosa.

Kaka alisimama. Alimwita msimamizi wa kituo, akamwonyesha jina kwenye kitabu kwa kidole, mbele ya mawakala wote.

"Huyu ni baba yetu," akasema. "Tulimzika Juni. Muandike hapo ati hayuko, na nyinyi wote muone. Msimhesabu."

Msimamizi aliandika. Mawakala waliinuka mmoja mmoja wakatazama, wakatia sahihi kando yake. Kaka alitia sahihi ya mwisho, akarudi kwenye benchi lake akapangusa uso kwa mkono wa koti. Karani aliteremsha rula hadi kwenye jina langu, akalikata kwa mstari ulionyooka, akanipa karatasi zangu. Nilizipokea kwa kiganja wazi, nikaenda kupiga kura.